Kutoka Makrani hadi Kabras: Nasaba, Ndoa na Swali la "Wewe ni wa Wapi?"



Kabras ni nchi ya miwa. Ukitoka mji wa Kakamega ukaishika barabara ya kwenda Webuye, wapita kando ya msitu wa Malava, kisha macho yako hayaoni tena ila mashamba ya miwa, kulia na kushoto, na matrekta yaliyosheheni yakienda kiwandani mwendo wa pole. Wenyeji ni Wakabarasi, mmoja wa milango ya Waluhya. Wengi wao ni Wakristo, na madhehebu ya Marafiki, waitwao Quaker, yamekita mizizi sana katika eneo hili. Waislamu wako, ila ni wachache, na hutambuana kwa salamu njiani.

Katika nyumba moja ya matofali, nusu saa kwa miguu kutoka sokoni Malava, tulikaribishwa na mama mmoja aliyezaliwa Mombasa, mtaa wa Makadara. Alituomba tusimtaje jina lake wala la jamaa zake, nasi tumeliheshimu ombi lake. Alitutandikia mkeka, akaleta chai ya maziwa na sambusa, kisha akaingia chumbani na kurudi na kitu kilichofungwa ndani ya kanga kuukuu. Kilikuwa vazi la kike, jeusi, refu, limedariziwa kwa uzi mwekundu, wa manjano na wa kijani kifuani na kwenye mikono, na mbele lina mfuko mkubwa wa kushuka hadi chini, nao umedariziwa mwote.

"Hili ni la bibi yake bibi yangu," akasema. "Lilitoka Makrani. Mimi sijui kudarizi namna hii, na hapana anijuaye aliyebaki akijua. Lakini binti yangu ameuliza, basi nikalitoa."

Alichouliza binti yake ndicho kilichotufikisha huku.

Swali la dirishani

Binti huyo alipotimiza miaka 18 alikwenda kuomba kitambulisho cha taifa, kama afanyavyo kila kijana wa Kenya. Alifika ofisini na vyeti vyake vyote. Afisa aliyekuwa zamu akamtazama uso, akaitazama karatasi, akamtazama tena. Baba ni Mkabarasi, sawa. Mama je? Jina la babu mzaa mama si la hapa. Nywele hizi si za hapa. Akaambiwa akalete karatasi za babu na bibi wa upande wa mama, na kama hana, "arudi kwao akazitafute".

"Kwetu ni wapi?" mtoto akamwuliza mama yake jioni ile. Alizaliwa Kakamega. Lugha yake ya kwanza ni Kikabarasi, alichofundishwa na kukhu, yaani bibi yake mzaa baba. Hajawahi kukaa Mombasa zaidi ya likizo ya mwezi mmoja. Sasa aambiwa arudi kwao.

Mama anasema usiku ule hakulala. Hakuumia kwa sababu ya karatasi, kwani karatasi hutafutwa. Aliumia kwa sababu swali lile alilijua. Yeye aliulizwa lilo hilo Mombasa alipokuwa mtoto: "Nyinyi ni Waarabu au Wahindi?" Na mama yake aliulizwa kabla yake. Jibu la nyumbani kwao lilikuwa moja siku zote: "Sisi ni Wabulushi." Lakini ukiulizwa Wabulushi ni watu gani, maneno yalikwisha upesi.

Wabulushi ni watu gani?

Pwani ya Makrani imelala kaskazini ya Bahari ya Omani. Leo imegawika baina ya nchi mbili: upande wa magharibi, penye bandari ya Chabahar, ni Iran, upande wa mashariki, penye Gwadar, ni Pakistan. Gwadar yenyewe ilikuwa mali ya masultani wa Omani hadi mwaka 1958. Lugha ya Kibulushi ni katika jamii ya lugha za Kiirani, jamaa wa Kiajemi na Kikurdi. Hata hivyo Mbulushi si Mwajemi, na wengi wa Wabulushi ni Sunni, ambapo Iran kwa jumla ni nchi ya Shia. Kwa hiyo hata huko asili yao wao ni watu wa pembeni: wako Wabulushi nchini Iran ambao hadi leo hawana shenasname, yaani hati ya kuzaliwa na utambulisho, na bila hiyo mtoto huona tabu kusoma na mtu mzima huona tabu kupata kazi. Lile swali la dirishani Malava, kumbe laulizwa pia katika vijiji vya Makrani.

Masultani wa Omani walikuwa wakichukua askari wao Makrani. Seyyid Said bin Sultan alipoitwaa Mombasa kutoka kwa Mazrui mwaka 1837, aliweka askari ndani ya Ngome, na wengi wao walikuwa Wabulushi chini ya jemadari wao. Hawakuja na wake wengi. Walioa hapa, wakajenga hapa, wakazikwa hapa. Msikiti wa Jundani pale Makadara ni ukumbusho wao, na jina lake lakumbusha neno la Kiarabu jund, yaani jeshi.

Wala hawakubaki pwani tu. Mwaka 1857 Burton na Speke walipoondoka pwani kuelekea Ziwa Tanganyika, walifuatana na askari wa Kibulushi waliopewa Unguja. Wengine wakawa wafanyabiashara wa misafara, wakafika Tabora na mbele yake. Huko Rujewa, katika nchi ya Usangu kusini magharibi mwa Tanzania, wamo wajukuu wao hadi leo. Msomi Abdulaziz Lodhi, mzaliwa wa Unguja, ameandika juu ya Wabulushi wa Afrika Mashariki na jinsi walivyochanganyika na wenyeji hata lugha yao ikapotea katika nyumba nyingi.

Imepotea kweli. Mwenyeji wetu wa Kabras ana maneno matatu tu: aap, maji, biya, njoo, maat, mama. "Bibi alikuwa akiniita hivyo akitaka maji," akasema, akacheka kidogo. "Basi mimi Kibulushi changu chote chaishia kwenye kata ya maji."

Uajemi ulio vinywani mwetu

Kabla ya kumcheka, msomaji, tujitazame sisi wenyewe. Asubuhi twafungua dirisha, twatazama bandari, twaitaja serikali, twanunua pamba, twapaka rangi, twapanda bustani, na mwezi wa Ramadhani twakaanga sambusa. Maneno yote hayo yana asili ya Kiajemi. Makunduchi, Unguja, kila mwaka huadhimishwa Mwaka Kogwa, na mwaka huo huitwa Nairuzi, jina lilelile la mwaka mpya wa Waajemi.

Wazee wengi wa pwani hujiita Washirazi. Habari za Kilwa zasimulia juu ya mwana wa mfalme wa Shirazi, Ali bin Hassan, aliyekuja kwa jahazi na ndugu zake. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana: je, Washirazi walikuja kweli, au ni jina la fahari tu?

Mwaka 2023 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha uchunguzi wa nasaba za mifupa ya watu 80 wa zama za kale, wengi wao kutoka makaburi ya miji ya pwani yetu, ikiwamo Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Miongoni mwa walioufanya ni mwanaakiolojia wa Kenya, Chapurukha Kusimba. Walikuta kwamba yapata mwaka 1000 Miladia, watu wenye asili ya Uajemi walianza kuchanganyika na wenyeji. Na damu ile ya Uajemi iliingia hasa kwa upande wa wanaume, na damu ya Kiafrika hasa kwa upande wa wanawake.

Maana yake ni nini kwetu wanawake? Ni kwamba hadithi za masultani na majahazi zilikuwa na ukweli ndani yake, lakini zilimsahau mtu mmoja: bibi. Majina ya mababu waliokuja yamehifadhiwa na kusomwa. Majina ya mabibi wa Kiafrika waliowapokea, wakawazalia na kuwafundisha watoto lugha hii tuisemayo, hayakuandikwa. Kila anayejiita Mshirazi ana mama wa Kiafrika katika mti wake. Kumtaja babu na kumficha bibi ni nusu ya nasaba.

Waliolazimika kurudi, na waliolazimishwa kubaki

Si kila aliyetoka Uajemi alipata pa kukaa. Mwaka 1847 Seyyid Said alimwoa binti wa ukoo wa wafalme wa Uajemi, mjukuu wa Fath Ali Shah, aitwaye Shahrazad. Kule Kidichi, Unguja, Sultani alimjengea mahamamu ya namna ya kwao mwaka 1850, na kuta zake zenye nakshi za maua na ndege zatembelewa na wageni hadi leo. Sayyida Salme bint Said, katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka mwaka 1886, amemsimulia mke huyo wa baba yake: alipanda farasi, alipenda kuwinda, na desturi za nyumba ile zilimbana. Hawakupata mtoto. Mwisho ndoa ikavunjika, akarudi kwao. Kuta za mahamamu zilibaki. Mwenye kujengewa hakubaki. Nyumba haijengeki kwa mawe matupu.

Na kuna kisa kingine, cha karibu na cha uchungu zaidi, ambacho kizazi cha mama zetu wakikumbuka vyema. Mwezi wa Septemba mwaka 1970, wasichana wanne wa Unguja wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi. Jamaa zao wa kiume waliopinga walitiwa gerezani. Serikali ya wakati ule, chini ya Sheikh Abeid Amani Karume, ilitetea kitendo hicho kwa hoja kwamba inaondoa ubaguzi wa watu wanaokataa kuwaoza binti zao kwa Waafrika.

Tuseme kweli pande zote mbili. Ubaguzi ule ulikuwako. Zilikuwako nyumba, na zingaliko, zinazomrudisha mposaji kwa rangi yake kabla hajafungua kinywa. Lakini dhuluma haitibiwi kwa dhuluma. Nikahi bila ya ridhaa ya binti ni kinyume na mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.), aliyeagiza bikira atakwe idhini na kunyamaza kwake kuhesabiwe kuwa ndiyo. Wasichana wale walilipishwa deni la karne nzima ambalo wao hawakulikopa. Anayetaka watu wachanganyike aanze kwa kufungua mlango wake mwenyewe. Binti ya mtu si ufunguo wa kuuvunjia mlango wa mwenziwe.

Posa ya Mkabarasi

Mwenyeji wetu alikuwa na miaka ishirini na mbili alipoposwa. Baba yake alikuwa akiuza vitambaa, akisafiri na mizigo hadi Mumias, mji ambao Uislamu uliingia zamani kwa misafara ya Waswahili iliyopokewa na ukoo wa Nabongo Mumia. Huko alikuwa na marafiki, na mtoto wa rafiki mmoja, Mwislamu kutoka Kabras, akaja Mombasa kufanya kazi. Kijana akawa akisali msikiti mmoja na baba mtu. Mwisho akatuma posa.

Nyumba ikawaka moto. Ami yake binti, kaka wa baba, ndiye aliyepinga zaidi. "Hatumjui ukoo wake," akasema. Na tena: "Mtoto wa Kibulushi huolewa na binamu yake. Yuko mwana wangu hapa." Kwa Wabulushi, kama ilivyo kwa jamii nyingi za Kiislamu, kumwoa binti wa ami ni jambo la heshima. Na jambo la kuchekesha ni kwamba kule Kabras nako kulikuwa na mshtuko wao. Kwa Waluhya, mtu haoi katika ukoo wake wala ukoo wa mama yake. Kuoana binamu kwao ni aibu isiyotamkika. Walipoambiwa kwamba huyu binti angeolewa na binamu yake lau si mtoto wao, bavyaa akasema, "Basi tumemwokoa."

Baba yake binti alimwita mwanawe faragha. "Sikukalishi hapa kukuuliza kabila," akamwambia. "Kijana huyu nimesali naye miaka mitatu. Sijamwona akichelewa swala ya alfajiri, wala sijamsikia akimteta mtu. Wamtaka?"

"Baba, nikisema ndiyo, ami atakasirika."

"Ami ni ndugu yangu, nami nitamwomba radhi. Wewe wamtaka?"

Akanyamaza. Baba akatabasamu, akatoka kwenda kuita mashahidi. Msomaji mwenye ilimu atakumbuka mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba akija kwenu mtu mnayeridhika na dini yake na tabia yake, mwozesheni, la sivyo, fitina huenea katika ardhi. Baba huyu hakukariri Hadithi ile mbele ya nduguye. Aliitenda.

Ami hakuhudhuria harusi. Miaka saba hakukanyaga Kabras.

Kaburi kando ya migomba

Mtoto wao wa kwanza alikuwa wa kiume. Aliishi miezi minane. Homa ilimchukua kwa siku mbili, akafariki alfajiri ya siku ya mvua kubwa. Mama hasemi mengi juu ya siku ile, nasi hatukumsukuma. Alisema tu kwamba alipotoka nje alikuta ua umejaa watu. Wanawake wa Quaker, majirani zake, walikuwa wamekwisha leta kuni na maji. Wanaume walikuwa wakichimba kaburi kando ya migomba, na kwa kuwa hawakujua namna ya mwanandani, walimwuliza mumewe kila hatua: "Hivi? Au zaidi upande huu?" Walimchimbia mtoto wa Kiislamu kaburi la Kiislamu, miguu yao ikizama matopeni, na hakuna aliyeuliza kabila lake.

Habari zilifika Mombasa. Kwa kuwa Waislamu huharakisha maziko, waliotoka Mombasa walifika siku ya pili, mtoto amekwisha zikwa. Walikuwa baba yake, na nyuma yake, akishuka garini kwa shida, ami.

Ami alilitazama kaburi dogo, akasoma Fatiha. Akawatazama majirani waliokuwa bado wamekaa, kwani kwa Waluhya msiba hauachwi siku moja. Akauliza nani alichimba. Wakaonyeshwa vijana watatu. Akawapa mkono mmoja mmoja. Usiku, walipokuwa wameketi sebuleni, alimwita mkwewe kwa neno ambalo hakuwahi kulitumia: "Mwanangu." Kisha akasema, kama mtu asemaye peke yake: "Sisi tulikuwa twauliza ukoo wake. Watu hawa wametuzikia mtoto."

"Tangu siku hiyo," mama akatuambia, "mimi sikuulizwa tena kwetu ni wapi. Kwangu ni pale alipolala mwanangu."

Mzee aliyesimama

Turudi kwenye dirisha la ofisi. Mama alizitafuta karatasi za Mombasa. Nyingine zilipatikana, nyingine zilikuwa zimeliwa na mchwa miaka mingi iliyopita. Siku ya pili hakumtuma binti peke yake. Bavyaa wake, mzee wa zaidi ya miaka themanini, alivaa koti lake la siku kuu, akashika bakora, akafuatana na liguru, ndiye mzee wa kijiji, hadi ofisini. Hakugombana na mtu. Alisimama mbele ya dirisha, akasema kwa Kiswahili chake cha bara:

"Mimi ndiye nilimpa huyu mtoto jina la mama yangu. Kama mwataka kujua ni wa wapi, niulizeni mimi."

Afisa, naye ni mtoto wa mtu, akainuka akampa mzee kiti. Fomu ikajazwa. Kitambulisho kilikuja baada ya wiki kadhaa.

Wazazi wazijue haki zao, kwani haya hayakuwa hisani tu ya mzee. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 14, yasema mtu ni raia kwa kuzaliwa iwapo siku ya kuzaliwa kwake baba yake au mama yake alikuwa raia, akiwa amezaliwa Kenya au nje yake. Mama na baba wamewekwa sawa. Hili si jambo dogo: huko Iran kwenyewe, hadi sheria ya mwaka 2019 ilipopitishwa, mama wa Kiirani aliyeolewa na mgeni alikuwa hawezi kuwaombea wanawe uraia kwa haki yake yeye, na maelfu ya watoto waliozaliwa na kulelewa nchini humo walibaki bila hati. Kwetu pia zimekuwako jamii zilizongoja muda mrefu kutambuliwa. Wamakonde wa Kwale walitambuliwa kuwa kabila la 43 na kuanza kupewa vitambulisho mwaka 2017. Mwaka huohuo Wakenya wa asili ya Asia wakatangazwa kuwa kabila la 44. Na Wapemba wa pwani wakatambuliwa mwaka 2023. Wote hao walizaliwa hapa na kuzikwa hapa miaka mingi kabla ya muhuri kufika.

Kwa hiyo, dada zangu, andikisheni vizazi vya watoto mapema. Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo vya wazee vihifadhiwe pamoja mahali pakavu, na nakala zake ziwe kwa jamaa mwengine. Mchwa hajui nasaba.

Salman alijibuje?

Katika Maswahaba wa Mtume (S.A.W.) alikuwako mtu wa Uajemi: Salman al-Farisi, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Aliacha nyumba ya baba yake na moto waliouabudu, akatangatanga akiitafuta haki, akauzwa utumwani, hadi akafika Madina. Katika vita vya Khandaki, mwaka wa 5 Hijria, ndiye aliyetoa shauri la kuchimba handaki, ufundi wa kwao Uajemi ambao Waarabu hawakuujua. Muhajirina wakasema Salman ni wetu, Ansari wakasema ni wetu, naye Mtume (S.A.W.) akamhesabu kuwa ni katika watu wa nyumba yake. Imepokewa pia kwamba watu walipojifakhiri kwa nasaba zao mbele yake, yeye alijitaja kuwa ni mwana wa Uislamu.

Tuzingatie mambo mawili. La kwanza, Salman hakuuficha Uajemi wake. Hadi leo twamwita al-Farisi, na elimu ya kwao ndiyo iliyoinusuru Madina. La pili, Uajemi huo haukumzuia kuwa mtu wa nyumbani kwa Mtume. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, yatufundisha kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili tujuane, na kwamba mbora wetu ni mchamungu zaidi. Asiyejua asili yake hana la kumjulisha mwenziwe. Na aifanyaye asili yake kuwa ukuta ameipindua hekima ya aya.

Wapo wazazi, na hasa waliochanganya damu, wanaodhani watamrahisishia mtoto maisha kwa kumficha upande mmoja. Mtoto hamalizi siku nyingi kabla hajaulizwa na watu wa nje, na asiye na jibu kutoka kwa mamake atapewa jibu na mtu asiyempenda. Mwambieni angali mdogo. Mwandikieni majina, ya mababu na ya mabibi, kadiri yanavyojulikana. Na mwambieni lililo zito zaidi: majina hayo hayamwongezei utukufu wala hayampunguzii.

Tulipokuwa tukiaga, binti alirudi kutoka sokoni. Msichana mrefu, mtandio wa samawati, kikapu cha mboga mkononi. "Mulembe," akatuamkia, kisha akakumbuka tumetoka wapi, akacheka: "Shikamooni." Mama alimwonyesha vazi lililokuwa bado juu ya mkeka. Akakaa chini, akapitisha kidole juu ya uzi mwekundu, taratibu, mshono kwa mshono.

"Kukhu asema atanifundisha kusuka vikapu," akasema. "Na hii nani atanifundisha?"

Mama akamtazama. Akasema atawauliza jamaa Mombasa. Huenda yuko mtu Maskati au Karachi anayejua bado. Tukawaacha wawili wale wakilihesabia nyuzi vazi lile, kutoka kifuani kushuka mfukoni.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu, awape watoto wetu utulivu wa nyoyo popote walipozaliwa, na amfanye yule mtoto aliyelala kando ya migomba kuwa kitangulizi na akiba kwa wazazi wake Siku ya Kiyama. Amin.